Walinyamaza Nilipoleta Kahawa

Jumatano, Novemba

Bado nimeudhika. Wageni wawili Wamarekani walikuwa wakibishana mbele ya TV ya hoteli ninapohudumu, huku nchi ya Kiarabu, iwapo nchi yao itakubali kuongozwa na mwanamke mweusi. Nilipowafikia na kahawa, kimya. Mmoja akaniomba samahani, nami nikatabasamu kama tulivyofunzwa.

Jikoni nikamsimulia Nakato, Mganda anayelinda mlango. Akapaza sauti: "Wao angalau wanalizungumza! Hapa sisi weusi ni mlangoni na jikoni tu. Mbona mapokezi hakuna hata mmoja? Muulize sir!"

Sir mwenyewe, meneja wetu, alikuwa anapita. Nikamkatiza, "Khalas, yatosha, Nakato. Nyamaza."

Nakato akarudi mlangoni. Anajua viza yangu inaisha Januari, na meneja ndiye wa kuihuisha.

Heri angenitukana.