Kufungua Kike, Kukaza Kiume

Jumatatu, 10 Machi

Mdomo wangu huu! Kikao kilikuwa kinaenda vizuri mpaka shemeji aliposema pikapu ya marehemu kaka yake ihamie kwake, maana gari ni la anayeweza kulitunza. Nikasema naitunza. Akasema oili haijabadilishwa tangu msiba, miezi saba, na kupeleka gari kwa fundi si kutunza. Hapo ningenyamaza tu. Badala yake nikasimama — mbele ya wajomba wote! — nikasema nitabadilisha oili na filta kwa mikono yangu mwenyewe, na Jumamosi waje waone.

Wakakubali haraka mno. Nikiweza, pikapu yangu na yaishe. Nikishindwa, funguo mezani.

Bila pikapu nani atabeba viti vyangu mia mbili vya kukodisha? Nitavijitwika?

Sijui hata filta iko wapi.

Jumanne, 11 Machi

Nimeipata. Kikopo cheusi kimening'inia ubavuni mwa injini, kinatazama chini. Kuifikia kutoka juu ni kupenyeza mkono katikati ya mabomba mpaka kwapani. Nikaishika, nikazungusha kama kifuniko cha chupa ya soda. Wapi!

Nikamwita jirani, mshona viatu, tunayemwita Kisigino. Akaja na kipande cha msasa, akakizungushia kikopo ili mkono usiteleze, akauma meno. Ikasogea! Kidogo, lakini tuliiona wote wawili. Tukashangilia. Kisha ikagoma kabisa, kuliko mwanzo.

Mama mkwe alikuwa barazani anatutazama. Anasema mwanawe alikuwa na mkono mzito tangu mdogo. Eti akifunga yeye chupa ya dawa ya kikohozi, nyumba nzima inakesha ikikohoa.

Kuna jambo nalifikiria tangu mchana. Mume wangu ndiye mtu wa mwisho kuishika filta ile. Sote tunavuta, na yeye bado amekaza.

Jumatano, 12 Machi

Nimepata karatasi kwenye droo ya mbele ya pikapu, chini ya risiti. Mwandiko wake, herufi kubwa kama kawaida yake:

FILTA. LALA CHINI. KUFUNGUA KIKE. KUKAZA KIUME, ROBO TATU, BASI. MPIRA!

Miaka kumi na tisa ya ndoa! Kufungua kike, kukaza kiume? Yaani mwanamke ni wa kufunguafungua tu, halafu ile kazi ya maana inamngoja mwanaume? Na huyo mwanamke kwanza alale chini! Nani kampikia, nani kamfulia hayo maovaroli? Nimemgombeza wakati wote naosha vyombo, sikumbakishia kitu. Mama mkwe akauliza naongea na nani. Nikasema redio.

Hasira zilinipa nguvu. Nikarudi kwenye boneti, mkono ndani, msasa, Kisigino nyuma ananisukuma kiwiko. Patupu. Kisigino akaisoma karatasi, akakuna kichwa, akasema labda marehemu alijua alichoandika, niite mwanaume. Nikamuuliza yeye basi ni nani. Akaondoka kwenda kula.

Alhamisi, 13 Machi

Hakuna jipya. Kikopo kimebonyea. Vidole vinawaka. Mteja kapiga simu, anataka viti sitini Jumapili. Nimesema ndiyo, nitaleta. Mdomo tena!

Ijumaa, 14 Machi

Naandika na mikono mieusi, basi.

Asubuhi nilikuwa nampaka mama mkwe dawa ya goti. Akasema, siyo hilo, mwanangu, linaloniuma ni la kike. Nikacheka. Nikamuuliza, kumbe mama unalo na goti la kiume? Akanitazama kama nimerukwa na akili. Akanyoosha mkono wa kulia: huu wa kiume. Akanyoosha wa kushoto: huu wa kike. Eti ndivyo alivyowafundisha wanawe wote, na mimi nimeishi humu ndani miaka yote hiyo nasikia nini?

Niliacha dawa wazi. Nikaenda kulala chini ya pikapu na khanga yangu, mbele ya watu. Nikainua macho, nikaiona filta kwa mara ya kwanza kama alivyokuwa akiiona yeye, uso kwa uso. Kushoto ya huku chini, kule juu ni kulia! Siku tatu tumepenyeza mkono kutoka juu na kuzungusha kushoto. Siku tatu tumekuwa tukikaza! Mimi na Kisigino na msasa wake!

Yeye alikaza robo tatu, basi. Zilizobaki zote ni zetu.

Nilicheka mpaka nikagonga paji la uso kwenye chuma. Halafu nikalia, humohumo chini. Kukaza ni kulia — hata angeniandikia hivyo, bado ningeelewa vibaya. Nikasema kwa sauti, nisamehe, nilikuonea. Kisigino, miguu yake tu ikionekana pembeni, akajibu hamna neno, jirani, yameisha.

Nikafungua nati ya chini, oili ya zamani ikajaa beseni. Kisha nikachukua mkanda wa suruali wa marehemu, nikauzungushia kikopo, nikavuta. Kwa kike. Kikalia krrr, kikaachia! Oili iliyobaki ikaniingia kwenye mkono wa blauzi mpaka kwapa. Sikujali hata kidogo. Filta mpya nimeipaka oili kwenye mpira wake, nimeipandisha kwa mkono, ilipogusa nikahesabu robo tatu ya mzunguko. Basi. Lile neno MPIRA! mwishoni mwa karatasi nadhani ndiko huko kuupaka oili.

Filta ya zamani nimeiweka jikoni juu ya gazeti. Kutupa nimeshindwa. Nimechoka, nimefurahi.

Jumamosi, 15 Machi

Wamekuja. Shemeji na shati jeupe lililopigwa pasi, wajomba wawili nyuma yake. Nimemimina oili mpya wanaona, nimepima kwa kijiti wanaona. Mama mkwe kasema gari ni la mwanawe, atakayewasha ni yeye. Amepandishwa na mto wake, ameshika usukani kwa mikono miwili. Hajawahi kukaa upande ule maishani. Giya nimehakikisha iko huru, breki ya mkono juu.

Shemeji kasema yeye haamini maneno, anaamini macho. Amejilaza chini, uso chini ya filta kabisa, anasubiri tone.

Nimeingia jikoni kumchukulia kitambaa. Filta ya zamani ipo palepale. Sijui kwa nini nimeigeuza. Mdomoni haina mpira. Mfereji wake upo, mtupu.

MPIRA!

Ule wa zamani umebaki umeganda kwenye injini, na mimi nimekazia mpya juu yake. Mipira miwili! Ikiwaka tu, oili yote itatokea hapo, kwa nguvu, kwenye shati lile jeupe.

Najua huu si wakati wa kuandika. Lakini kalamu ndiyo kitu pekee ninachoweza kushika. Nikisema, nimejishtaki mwenyewe mbele ya wajomba, funguo mezani, viti sitini vya kesho nitajua mwenyewe. Nikinyamaza, pikapu inakwenda vilevile, ila inakwenda na shati. Kusema kweli nimeliwaza hilo shati. Nimeliwaza zaidi ya inavyofaa kwa mjane.

Shemeji anapiga kelele kutoka chini: Washa, mama!

Kisha sauti ya mama mkwe, ananiita mimi, kwa jina lile analoniita tukiwa wawili tu. Anauliza huu ufunguo unazungushwa kwa kike au kwa kiume.