Mnaweka Wapi Funguo?

Tarehe 4 Februari

Mwanangu Hakimu,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi wazima. Goti la mama yako limetulia tangu aache kubishana na ngazi, na mimi siumwi kitu ila vidole, ambavyo vinatetemeka kama unavyovijua. Wewe je, binti yangu? Kifua kimepona? Bado unawachongea watu meno ya bandia mpaka saa ya chakula inakupita?

Sasa kaa chini. Nimefaulu. Ni mara ya tatu, ndiyo, lakini kwenye cheti hawaandiki ni mara ya ngapi. Kuanzia tarehe mbili baba yako ni dalali wa nyumba mwenye leseni. Nina kadi yenye picha, na katika picha hiyo ninafanana na mtu aliyekamatwa.

Limebaki jambo moja. Dalali mpya haruhusiwi kufanya kazi peke yake. Miaka miwili ya mwanzo lazima awe chini ya ofisi, na ofisi hiyo imwandikishe ndani ya siku tisini. Zikipita, leseni inakufa, narudi kwenye mtihani, na mtihani wa nne sifanyi, nakuambia mapema. Kibanda nimeshauza na mashine ya kuchonga funguo imekwenda nacho. Mwisho wangu ni tarehe mbili Mei.

Ninazozifikiria ni ofisi tatu. Kuna ya karibu na kituo cha mafuta. Kuna ile kubwa ya vioo, anakofanya kazi rafiki yako mliyekaa dawati moja. Na kuna ya mama mmoja juu ya duka la vitambaa, wanamwita Mama Miwani. Wenzangu wa darasani kila ofisi wanauliza watapata fungu gani na kama watapewa meza. Mimi nitauliza swali moja: mnaweka wapi funguo? Miaka thelathini na moja nimewachongea watu wa mji huu. Mtu akikupa ufunguo wake amekupa nyumba yake, na anayeuweka ovyo sitaki hata soda yake.

Simu tumwachie mama yako. Mimi na wewe tukipigiana tunagombana, kwenye karatasi tunapoa.

Baba yako, dalali

*

Tarehe 13 Februari

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Kifua kimepona, chakula nakula, mwambie Mama. Barua yako niliisoma nimesimama, kisha nikawasomea karakana nzima ya meno, na fundi mwenzangu mmoja akapiga makofi na koleo mkononi. Waliokuwa wanasema vidole vikikushinda utakaa barazani kuhesabu wapita njia, waambie kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Sasa nisikilize mimi. Nenda ofisi ya vioo. Wana mafunzo ya wiki sita kwa wapya. Wana jina, na mtu wa miaka hamsini na tisa asiyejulikana katika udalali anahitaji jina la kujifunika mwanzoni. Wateja wanaingia wenyewe kwa miguu yao. Nani anapanda juu ya duka la vitambaa kutafuta nyumba? Rafiki yangu ameshakusemea kwa mkubwa wake, wanakungoja.

Na lile swali la funguo liache mfukoni, Baba. Watadhani umekuja kutengeneza vitasa.

Mwanao

*

Tarehe 2 Machi

Mwanangu Hakimu,

Habari za kazi? Sisi hatujambo. Mama yako amekata nywele, fupi kabisa, anasema nikuambie, na nikuambie pia zimempendeza. Nimekuambia yote mawili.

Nilianzia kituo cha mafuta. Mwenye ofisi ni mchangamfu, alinipa kiti na soda kabla sijajitambulisha. Nikauliza swali langu. Akavuta droo, akatoa kopo la biskuti limejaa funguo. Kila mmoja una kikaratasi, na kwenye kikaratasi, Hakimu, wameandika namba ya nyumba na jina la mtaa. Mwizi akiokota kopo lile hana haja hata ya kuuliza njia. Soda nilikuwa nimeshaifungua, nikaimaliza kwa adabu, nikaaga.

Ya vioo sasa. Nisiwe mwongo, ile ni ofisi hasa. Rafiki yako alinipokea mlangoni kwa heshima zote, wakanionyesha meza yangu karibu na dirisha. Mkubwa wao, kijana wa viatu bila soksi, akasema wanahitaji mtu mzima wa kutuliza wateja. Nikavimba kichwa kidogo. Nilipouliza swali langu akafurahi kuulizwa. Nyumba zote wanazosimamia wamezifunga vitasa vya namna moja, na kila dalali anatembea na ufunguo mmoja unaozifungua zote. Sisi mafundi tunauita ufunguo malaya, unisamehe. Si kitu kibaya wenyewe. Hata mimi niliwahi kuchonga wa shule nzima. Ubaya au uzuri uko kwa anayeubeba.

Alasiri wakanichukua nione kazi. Nyumba ilikuwa na mpangaji anayehama mwisho wa mwezi, na mteja alitaka kuitazama. Dalali wao akafika mlangoni, akachomeka ufunguo, akazungusha, akaingia. Hodi hakuna. Sebuleni kulikuwa na mama anaosha nywele kwenye beseni, mabega wazi, povu mpaka kwenye kope. Hakupiga kelele. Alijifunika taulo akageukia ukuta, akakaa hivyo, maji yanamtiririka mgongoni, wakati wao wanajadili rangi ya pazia. Mimi nilirudi nje. Yule dalali aliponikuta barazani akaniambia, "Usijali, mzee, mkataba unaturuhusu."

Kesho yake waliniletea karatasi za kutia saini. Nikawashukuru, nikazirudisha.

Najua utakachosema, si bure nilikubandika jina la Hakimu tangu ukiwa msichana mdogo. Kiseme tu.

Baba yako

*

Tarehe 12 Machi

Baba,

Shikamoo. Mimi mzima.

Rafiki yangu alikusemea mara nne. Nne. Ile meza ya dirishani ilikuwa yake, alikuachia. Sasa anajieleza kwa wakubwa zake kama mtu aliyeleta mgeni akavunja vyombo. Ungeingia kwanza, ukaizoea kazi, kisha ukawafundisha kupiga hodi. Siku ya kwanza mtu hafiki kazini kama mkaguzi.

Lakini ndivyo ulivyo. Ukishaamua, mlango umefungwa na ufunguo uko mfukoni mwako. Nilikulia katika nyumba hiyo, najua.

Siku hamsini na moja zimebaki. Fanya upendavyo.

Mwanao

*

Tarehe 8 Aprili

Mwanangu,

U mzima? Ulinyamaza, nami nikanyamaza, mama yako akasema hajui nani kamrithi nani kwa kununa. Rafiki yako nilimfuata nikamwomba radhi ana kwa ana. Amenisamehe, na meza yake amerudishiwa.

Nilikwenda kwa Mama Miwani. Ana miwani moja machoni na nyingine kichwani. Ofisi ni chumba kimoja, chini kunasikika mkasi wa duka la vitambaa. Nikauliza swali langu. Akanitazama kwa miwani ya machoni, akashusha ya kichwani, akanitazama upya.

"Funguo zinakuhusu nini?" akasema. "Wewe bado si mtu wa ofisi hii."

Mwanangu, wiki saba nilikuwa natafuta jibu hilo. Nikamwambia basi hapa ndipo, niandikishe. Akachukua kalamu, akauliza nilikuwa nafanya kazi gani. Nilipomjibu, kalamu ikarudi mezani.

"Yaani mji huu hakuna mlango unaokushinda."

"Labda wa benki," nikasema. Nilitaka kumchekesha. Hakucheka.

Akanieleza taratibu, bila kunidharau. Watu wanamwachia nyumba zao wakiwa safarini. Siku kijiko kikipotea, hata kama kimebebwa na panya, watasema ni yule fundi. Akataka nimletee mtu wa kunidhamini, mtu aliyewahi kuniachia kitu kilichofungwa. Nikamwambia mji mzima umeniachia. Akatikisa kichwa. "Hao walikuachia vilivyofungwa uwafungulie. Mimi nataka aliyekuachia kilichofungwa, ukakiacha."

Wiki mbili nimewaza. Kila aliyekuja kibandani kwangu alitaka kufunguliwa. Jana mama yako akimenya viazi akasema yupo mmoja tu, naye yuko mbali na amenuna. Sanduku lako la bati. Liko palepale chini ya kitanda chako, na lile kufuli lako dogo la shaba halijaguswa miaka sita hii. Ulipoondoka bila kuaga baada ya ugomvi wetu wa kibanda, miezi minane hatujui uko wapi, mama yako alinililia nilifungue, pengine mna anwani. Pini ya nywele ingetosha. Nilikataa. Nilikuwa nimetaka kukushikisha kibanda kwa nguvu, ukakataa, ukaondoka. Sikuona nina haki ya kuingia tena mahali ulipofunga wewe. Mama yako alinipa mgongo kitandani mwezi mzima. Mpaka leo sijui kama nilifanya sawa.

Sikuombi kitu, nimekueleza tu yaliyonipata. Zimebaki siku ishirini na nne, na sijakata tamaa hata kidogo.

Baba yako

*

Tarehe 17 Aprili

Baba yangu,

Shikamoo. Barua yako nimeisomea kazini. Nikaacha taya la mtu mezani, nikaenda kukaa kwenye ngazi.

Mama Miwani nimemwandikia. Nimemwambia hivi: "Mama, mimi ni binti wa yule fundi vitasa. Nilimwachia sanduku limefungwa kwa kufuli ambalo yeye angelifungua amefumba macho. Alikuwa na kila sababu ya kulifungua, na mke wake analia pembeni. Hakulifungua. Ukitaka kuhakikisha, nenda nyumbani kwetu, liko chini ya kitanda chumba cha nyuma."

Kuna jambo sikumwambia yeye. Nakuambia wewe.

Sikuondoka bila kuaga. Niliandika barua, kurasa tatu, na anwani niliyokuwa naenda. Nikaiweka juu kabisa ndani ya lile sanduku, nikafunga ili Mama asiisome kabla yako. Nilikuwa na hakika utalifungua kabla chai haijapoa. Baba, nimekuona ukifungua kasiki la fedha la duka huku unasimulia hadithi. Haikunipitia akilini kwamba wewe, wewe, utaheshimu kufuli la shaba.

Halafu nikangoja jibu. Miezi minane nilingoja. Nikajiambia amesoma, amekasirika, hanitaki tena. Hata nilipompigia Mama simu, mimi na wewe tukaanza kuandikiana, niliogopa kuuliza, na ndiyo maana mpaka leo sijarudi nyumbani. Mwezi uliopita nikakuambia wewe ndiye hufunga milango. Nisamehe. Wewe ulisimama nje miaka sita ukingoja kukaribishwa.

Ufunguo uko ndani ya bahasha hii. Mama Miwani akitaka kuona, fungua. Hata asipotaka, fungua usome.

Mwanao

*

Tarehe 29 Aprili

Mwanangu Hakimu,

Sisi wazima, na leo nasema wazima kwelikweli. Barua yako niliisoma mara mbili. Mara ya tatu alinisomea mama yako kwa sababu nilikuwa siioni karatasi. Nililia, sina haja ya kukuficha.

Mama Miwani amekuja leo asubuhi, barua yako mkobani. Mama yako alitaka kulifuta sanduku vumbi kwanza, mgeni asituone wachafu, akazuiwa kama ametaka kugusa ushahidi. Yule mama akapiga magoti, miwani zote mbili usoni, akalitazama kufuli. Shaba imeota kijani, tundu la ufunguo limezibwa na utando, na buibui amejijengea kutoka kwenye kufuli mpaka mguu wa kitanda. Alitazama muda mrefu. Nikamnyooshea ufunguo.

"Wa nini huo?"

"Binti ameruhusu. Amesema tufungue uone."

"Nilichokuja kuona nimekiona. Na mwenyewe hayupo. Ofisini kwangu, cha mtu hakifunguliwi mpaka ataje siku na saa, na siku hiyo tunapiga hodi. Unaanza Jumatatu, lakini kanuni anza kuizoea leo."

Akatia saini fomu yangu papo hapo, akilitumia sanduku lako kama meza. Siku tatu kabla ya mwisho. Nilikuambia sijakata tamaa.

Mama yako ametukasirikia sote wawili. Anasema kanuni za ofisi ziishie ofisini, ufunguo upo, barua imo, tunangoja nini. Nimeuficha ufunguo. Bahati nzuri tangu akate nywele hana pini.

Nami natamani kuisoma kuliko yeye. Tangu ufunguo ufike silali kwa kuliwaza jambo hilo. Lakini kurasa zile uliziandika tukiwa tumegombana, na mimi nataka kuzisikia ukiwa umekaa hapa mbele yangu, nikiweza kukujibu. Nimechelewa miaka sita, wiki chache nitazimudu.

Taja siku na saa.

Baba yako, dalali mwenye ofisi

*

Tarehe 10 Mei

Kwa dalali wa nyumba, juu ya duka la vitambaa

Baba yangu, shikamoo. Mimi mzima, na nimepewa likizo ya wiki tatu.

Kuhusu sanduku la bati lililo chini ya kitanda, chumba cha nyuma: Jumamosi, tarehe 14 Juni, saa nne asubuhi. Mwenyewe atakuwepo. Mwambie Mama asinunue pini.

Ufunguo wa mlango wa mbele ninao bado, miaka yote hii sijautoa kwenye funguo zangu. Najua kitasa hujakibadilisha. Lakini nitapiga hodi, na nitasimama hapo nje mpaka unikaribishe.

Mwanao