Wimbo wa Waweru wa Theta

Majengo, Thika
8 Februari 1959

Kwa Shemeji yangu Simeon,

Salamu nyingi kutoka Thika. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na dada yangu Kanini, na mkazamwana wenu Nyawira. Mimi sijambo, ila goti la kushoto limeamua kustaafu kabla yangu.

Sasa kaa vizuri unicheke. Nimeingia bendi. Ndiyo, mimi Ndambuki, mwenye wajukuu, dobi wa hoteli ya maporomoko, nimeingia bendi ya vijana. Kiongozi wao ni Hassan, mtoto wa Omar fundi cherehani, jirani yangu hapa Majengo. Wana magitaa mawili, ngoma moja, na chupa ya soda wanayoigonga kwa msumari. Shida yao ni kwamba watu wakianza kukanyaga sakafu, magitaa hayasikiki. Basi Hassan akamkumbuka mzee mwenye kodiani, ile niliyotoka nayo vitani. Nimeiziba kwa viraka vya tyubu ya baiskeli na bado inapiga kelele kuliko hao wote wakiwekwa pamoja.

Wana masharti yao. Hawataki nipige nimekaa, wanasema kina dada watadhani ni matanga. Hassan ameniomba, tena kwa heshima nyingi, nipake kiwi kichwani ili mvi zisionekane. Nimemwambia kiwi ni ya viatu. Tunapiga Jumapili mchana, dansi ya chai, na Pasaka wametuita huko kwenu Ruiru. Najua wewe mzee wa kanisa hutakanyaga ukumbini, lakini nitakuja kuwasalimu.

Mwenenu Waweru ameandika kutoka kizuizini? Tangu askari wamchukue Nairobi kwenye ule msako, huu ni mwaka wa tano. Barua yake ikija, niandikie siku hiyo hiyo.

Ni mimi Shemeji yako,
Ndambuki


Theta, Ruiru
22 Februari 1959

Shemeji Ndambuki,

Bwana asifiwe. Hapa tuko, kwa neema yake. Habari ya bendi niliisoma nikatikisa kichwa. Ningekuja Thika nikutoe humo mwenyewe, lakini unajua sisi Wakikuyu hatusafiri bila kibali, na sitaki kumweleza karani kwamba ninaenda kumtoa shemeji yangu dansini.

Nilitaka kuishia hapo kwa mzaha. Siwezi. Jumanne alikuja hapa kijana anaitwa Urbanus, ametoka kizuizini juzi. Alikuwa kambi moja na Waweru. Anasema homa ya matumbo iliingia kambini, na alimwona Waweru akitolewa amefunikwa blanketi hadi kichwani. Hakurudi. Urbanus alihamishwa kambi wiki hiyo hiyo, lakini anasema wote waliotolewa hivyo walizikwa.

Kanini anafanya kazi zake zote na haongei. Nyawira amekataa kuamini. Anasema mtu kufunikwa blanketi si habari, na serikali ikiua mtu huleta karatasi. Mimi namuunga mkono, si kwa kuwa nina matumaini, ila kwa kuwa sijui namna nyingine ya kuamka asubuhi. Nimewaambia wote tungoje barua ya serikali. Hadi ije, hatunyoi nywele na hatumtaji kama marehemu. Nakuomba na wewe ushike hivyo hivyo.

Shemeji yako,
Simeon


Majengo, Thika
5 Aprili 1959

Kwa Shemeji Simeon,

Poleni. Poleni sana, wewe na dada yangu. Nilianza kuisoma barua yako nimesimama, nikaimaliza nimekaa sakafuni katikati ya mashuka ya hoteli. Mtoto huyo nilimfundisha kupiga mluzi kabla hajajua kuongea. Nimechelewa kujibu kwa sababu kila nikishika kalamu naona blanketi.

Utanikasirikia, lakini bora uyasikie kwangu. Ulisema tusimtaje. Nilijaribu. Jumapili iliyofuata nikiwa ukumbini hapa Thika vidole vilianza vyenyewe, polepole, na mdomo haukungoja ruhusa. Nikaimba kwamba Waweru wa Simeon wa Theta, mwana wa dada yangu, amelala ugenini na blanketi si lake. Nilimtaja kwa jina lake na la baba yake, kama tunavyofanya siku zote. Sisi wa kodiani hatuimbi habari ya mtu asiye na jina.

Shemeji, ukumbi mzima ulikaa kimya, ila miguu iliendelea. Walikuwa wanacheza huku wanalia. Nani pale hana mtu wake kambini? Walipomaliza wakautaka tena. Tangu hapo kila Jumapili ni huo, na watu wanafuata bendi kwa ajili yake. Hassan ameshaushika kwa gitaa.

Jumatatu ya Pasaka tuliupiga Ruiru. Sikuja kwenu, niliona aibu. Katikati ya wimbo nilimwona Nyawira amesimama nje ya dirisha na mtungi. Hakulia. Alinitazama mpaka nikafika mwisho, halafu akaenda zake. Nikataka kumfuata, lakini walikuwa wanapiga makofi wanataka tena.

Ni mimi Shemeji yako,
Ndambuki


Theta, Ruiru
17 Mei 1959

Ndambuki,

Tu wazima.

Nyawira alirudi siku ile ya Pasaka, akautua mtungi, akasema, "Mjomba ameimba." Kesho yake asubuhi alikuwa amenyoa nywele. Nilimwambia angoje barua ya serikali. Akanijibu kwamba serikali haikumjua Waweru, mjomba wake alimjua, na mjomba hawezi kutamka kifo cha mtoto wa dada yake kama hakipo. Kwenu na kwetu ni hivyo hivyo. Mtoto akizaliwa anangoja baraka ya mjomba, na akikosea anaogopa mdomo wa mjomba kuliko fimbo ya baba. Ulilijua hilo ulipofungua mdomo.

Wiki iliyopita aliolewa na Kagwe, yule aliyefiwa na mkewe, mwenye hoteli ya chai karibu na stesheni. Ni mtu mzuri. Sisi hatuna mtoto mwingine wa kiume wa kumrithi Nyawira, naye bado ni msichana. Nilimbariki kwa mkono wangu.

Kanini anasema usikanyage hapa.

Simeon


Majengo, Thika
7 Septemba 1959

Kwa Shemeji Simeon,

Kabla hujasoma, kaa chini, na umkalishe dada yangu karibu nawe.

Waweru yu hai. Yuko hapa kwangu, amelala kitandani mwangu, na nimeenda kumshika mguu mara nyingi tangu jana nione kama una joto. Una joto.

Nitakueleza ilivyokuwa. Jana Jumapili tulikuwa ukumbini, watu wamejaa hadi mlangoni, na tukaanza wimbo wake. Yeye alikuwa ameshushwa na lori la serikali hapo mjini, akasikia kodiani, akajiambia hiyo ni ya mjomba. Akaja akasimama nyuma. Mama mmoja akamwambia avue kofia, watu wanaomboleza. Akavua. Alisimama kichwa wazi, kwa heshima zote, akimsikitikia huyo marehemu asiyemjua, mpaka nikafika penye jina lako na la Theta.

Akapita katikati ya wachezaji. Mimi nilikuwa nimefumba macho kama kawaida yangu, nikashtuka Hassan ameacha kupiga. Nikafumbua, naye yuko mbele yangu, mifupa mitupu, kofia mkononi. Akaniuliza, "Mjomba, huyo Waweru ni yupi?"

Kodiani ilinitoka mikononi ikaanguka. Watu walipojua ni nani, waliruka madirisha. Waliobaki ukumbini ni mimi na yeye na Hassan, na Hassan alikuwa nyuma ya ngoma.

Ni kweli alitolewa amefunikwa blanketi, lakini alipelekwa hospitali ya kambi. Akapona, wakamhamishia kambi nyingine. Anasema aliandika nyumbani. Hamkupata, na mimi sikupata.

Njiani kuja hapa aliniuliza, "Nyawira hajambo?" Nikasema hajambo. Shemeji, niliishia hapo. Naogopa sana. Niambie nimwambie nini, na nani amwambie.

Na jambo jingine. Wewe ni mtu wa kanisa, lakini unajua mtu aliyeliliwa akiwa hai haingii kwao hivi hivi. Wazee humchinjia mbuzi na kumwita jina upya mlangoni, na mjomba wake lazima awepo, na zaidi kama ni mjomba aliyemzika kwa mdomo. Niko tayari hata Kanini akinitemea mate.

Ni mimi Shemeji yako,
Ndambuki


Theta, Ruiru
10 Septemba 1959

Ndambuki,

Mungu ni mwema. Kanini alianguka, sasa ameamka, anafagia uwanja kwa mara ya tatu.

Msindikize hadi kwenye basi, apande peke yake. Nyawira nitamweleza mimi. Mbuzi hatuchinji. Ataingia kwa mlango kama mtu na tutapiga magoti tumshukuru Mungu. Mambo hayo mengine tuliyaacha siku ya ubatizo. Wewe usije.

Simeon


Majengo, Thika
25 Oktoba 1959

Kwa Shemeji Simeon,

Salamu. Hamjambo huko? Hii ni barua ya pili tangu nimpandishe Waweru basi, na ya kwanza hukuijibu. Hata neno moja lingenitosha. Anakula? Analala? Alipoambiwa kuhusu Nyawira alifanya nini?

Bendi nimeacha. Nilimwambia Hassan wimbo ule tusiupige tena, mwenyewe amerudi. Akaniambia mzee, watu hawaji kwa sababu ya Waweru wako, kila mtu anamlilia wake. Nikatunga mwingine wa kusema amerudi. Tuliupiga mara moja. Watu walisimama tu, halafu mmoja akapaza sauti, "Mzee, tupigie ule wa kufa." Nikafunga kodiani nikatoka. Wamechukua kijana wa kodiani kutoka Kamenu, mwenye nywele nyeusi kabisa, na wanaendelea na wimbo ule.

Nakusihi unijibu.

Shemeji yako,
Ndambuki


Theta, Ruiru
29 Novemba 1959

Kwa Shemeji Ndambuki,

Nakusalimu, na nakuomba radhi kwa kunyamaza. Sikuwa na la kuandika lenye nafuu.

Waweru aliingia kwa mlango kama nilivyosema, tukaomba. Kanini alimpapasa uso kama kipofu. Nikadhani tumemaliza. Majirani walikuja kumtazama, wakapewa chai, lakini hakuna aliyekunywa naye. Watoto wakimwona hukimbia. Kikombe alichonywea kwa jirani kilitupwa shimoni siku hiyo hiyo, nami nilikiona. Shambani hakuna anayelima karibu naye. Hata kanisani, benchi analokaa hubaki na yeye peke yake, na mimi ndiye mzee wa kanisa hilo.

Alikwenda kwa Kagwe. Nilimkataza, akaenda. Nyawira alimletea chai mwenyewe, na ana mimba kubwa. Kagwe aliwaachia nafasi, akatoka nje. Waweru hakugombana. Alimwambia tu, "Mimi ndiye huyu." Nyawira akamjibu kwamba ameshamlilia, machozi yakaisha, na kwamba hajui mtu anamliliaje mtu mara ya pili. Akarudi jikoni. Waweru alikunywa ile chai yote, akarudi nyumbani kwa miguu.

Sasa sikia la leo. Bendi ya Hassan huja Ruiru kila Jumapili siku hizi. Waweru alikuwa akitoka baada ya ibada, haniambii aendako. Leo nimemfuata. Kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe nimeingia ukumbi wa dansi, na Biblia kwapani, watu wananipisha wakidhani nimekuja kuwahubiria. Walikuwa wanaupiga ule wimbo. Mwanangu alikuwa katikati, amefumba macho, anacheza wimbo wa kifo chake. Wengi pale ni wafanyakazi wa mashamba wasiotujua. Wanawake waliomzunguka walikuwa wanalia kwa uchungu wa kweli wakilitaja jina lake, na hawakujua kwamba ndiye wanayemgusa bega.

Nilimshika mkono nimtoe. Hakunisukuma. Alisema, "Baba, niache kidogo. Hapa ndipo watu wananililia."

Ndambuki, nilikaa kwenye kiti cha ukumbi ule nikalia mbele ya watu. Nimekulaumu tangu Pasaka, na ulistahili. Lakini wewe ulimzika bila kujua, na mimi nimemwacha kaburini nikijua. Ulinionyesha njia ya kumtoa nikakukataza, kwa kuogopa nitakavyotazamwa Jumapili.

Kesho nanunua mbuzi. Nimeshamwambia mchungaji, amesema nitavuliwa uzee wa kanisa, nikamwambia sawa. Wazee watatu wa hapa wamekubali kuja na wananuna kwamba nimechelewa. Waweru mwenyewe nilipomwambia, ameuliza tu kama mjomba atakuwepo.

Kanini amekaa hapa kando yangu ninapoandika. Anasema uje, na anasema usichelewe. Utasimama mlangoni umwite kwa jina lake na langu, kwa sauti, watu wote wa Theta wasikie, mpaka aitike.

Ni mimi Shemeji yako,
Simeon