Nguzo za Kibaraza cha Mama

Baba yangu uliyelala kaburini Kwashemshi,

Shikamoo. Hapa Old Korogwe ukuta wetu umechorwa alama ya X nyekundu ya kubomolewa, na mimi, karani wa kupokea maombi ya vibali vya ujenzi, ndiye ninayewaeleza watu maana yake kila siku.

Unakumbuka kibaraza kile cha mbao kilivyoanza? Mama alikuwa amepooza mguu, na uwanja ukijaa maji ya mvua alishinda ndani kama mfungwa. Ukasema utamwinua juu ya tope. Ukamwita mwenyekiti wa mtaa, nikawaletea chai. "Jenga, mzee," akasema huku akicheka. "Kwani unajenga ghorofa?" Kwako hicho ndicho kilikuwa kibali. Ukachinja jogoo, majirani wakala. Kesho yake mimi nikarudi chuoni, wewe ukaanza kuchimba mashimo ya nguzo.

Juzi mhandisi wa ofisi yetu aliniita mbele ya wenzangu. "Karani, kumbe jukwaa la harusi lisilo na kibali liko kwenu?" Wakacheka. Tulipobaki wawili akaongea kwa upole: maombi atayapokea, lakini lazima ajue msingi. "Nguzo zimeingia chini kiasi gani? Kama ni za juujuu, Jumatatu tunabomoa. Mto wa hapo jirani ukipanda zitamwangusha mama yako."

Anayejua ni wewe.

Nilipomuuliza Mama, alishika ukingo wa mbao. "Baba yako hakuwa fundi wa kulipua kazi. Waje. Watabomoa na mimi nikiwa juu." Sasa hata chakula anakilia hapo hapo. Pale ndipo anapochambua mchicha na kuwatania vijana wa bodaboda: "Wewe, pikipiki hiyo utaimaliza kabla hujaoa!" Tukimrudisha chumbani, Baba, hatutampata tena.

Naogopa kupoteza kazi. Naogopa kuambiwa napendelewa. Lakini zaidi naogopa kwamba huenda kweli ulichimba kidogo. Siku zile kifua kilikuwa kinakubana, ulikuwa ukichoka haraka. Nani angekulaumu?

Leo Jumamosi nimeingia chini ya kibaraza na panga, nikaanza kufukua nguzo ya pembeni. Juu yangu Mama anauliza, "Umefika?"

"Bado, Mama."

Udongo wa juu ulikuwa laini mno, nikalia kimyakimya asinisikie. Kisha panga likagonga kokoto ulizoshindilia. Nimezichomoa moja moja. Mkono umezama hadi kwapani, na kwa ncha za vidole bado naigusa nguzo ikizidi kushuka. Sijui kama itamtosha mhandisi. Mwisho wake sijaupata.

Nimetoka chini mara moja kukuandikia haya, karatasi imeshachafuka tope. Pumzika, Baba. Mimi narudi chini kukutafuta.

Binti yako