Hoteli ya Masanja Inauzwa

Jumatatu, 7 Oktoba
Nimeosha Hoteli, gari langu, tangu asubuhi. Ndoo kumi na nne. Popo walihamia kwenye kabati la mtungi wa gesi, kodi wamelipa kwa mavi. Matairi mawili yamekaa chini, nimeyajaza kwa pampu ya baiskeli mpaka mkono ukafa ganzi. Mwingine angeita fundi. Mimi nimeendesha lori la watalii mpaka Lusaka. Fundi ndiye ananiita mimi.

Bariadi nzima hakuna mwenye gari kama hili. Kitanda ndani, jiko ndani, choo ndani, meza inajikunja ukutani. Mzee wa Kiholanzi niliyemzungusha Serengeti aliniachia, na karatasi akasaini. Injini ilikufa mwaka juzi. Mimi nasema imepumzika.

Inauzwa kwa sababu ya mke wangu, Mama Kulwa. Saratani ya shingo ya kizazi. Daktari wa Mwanza alisema mionzi, wiki sita, na mwezi huu usiishe hatujaanza. Ng'ombe walishaisha kwenye vipimo. Imebaki Hoteli.

Jumatano, 9 Oktoba
Mteja wa kwanza. Mama Sabina, anakaanga samaki stendi ya Lamadi. Mnene, mcheshi, ananukia mafuta. "Mwangaluka, baba," akanisalimia kwa Kisukuma, kisha moja kwa moja akapanda ndani bila kuvua ndala. Akagonga kuta, akafungua dirisha la jikoni, akachungulia nje kama tayari anauza.

"Naichukua hivi hivi. Kesho naleta lori la kuivuta."

Nikamwambia nyumba iliyolaza Wazungu haikaangiwi samaki furu.

Akacheka mpaka gari likatikisika. "Wazungu wameshaondoka, baba. Tumebaki wenye njaa."

Nimekataa. Kuna afisa wa Lagangabilili, mtu wa kutoka Dar, amepiga simu. Anataka kulaza wageni karibu na geti la Serengeti. Huyo anajua kitu kizuri. Anatoa karibu mara mbili, ila atakuja mwisho wa mwezi, na anataka ndani pawe pasafi na paa lisivuje. Wiki tatu ni nini?

Mama Kulwa aliuliza yule alikuwa nani. Nikasema mtu kapotea njia.

Jumamosi, 12 Oktoba
Kutu ya mlango nimeisugua kwa msasa. Rangi nyeupe mkono wa pili. Bomba la sinki nimelifunga kwa mpira wa baiskeli.

Mama Kulwa kasema atashona mapazia. Nikamkatalia. Akashona. Kitambaa cha maua mekundu, alikiweka tangu harusi ya mwanetu Doto. Amemaliza manne. Alipoinuka, kiti kilikuwa na damu. Nikakifuta kabla hajageuka. Nadhani alijua, maana hakugeuka haraka.

Jumanne, 15 Oktoba
Paa. Mshono wote wa juu umeachia, gundi ya Ulaya imekauka kama ugali wa juzi. Hapa haiuzwi, Mwanza bei yake ni ya wazimu. Lakini mimi nilikulia Kalemela, kando ya ziwa. Nimewaona mafundi wa mitumbwi wakiziba mbao kwa pamba na lami, na mtumbwi unakaa ziwani miaka. Maji ya ziwa zima yanashindwa, ije mvua ya Bariadi?

Pamba ninayo, gunia zima lilibaki msimu uliopita, la daraja la pili, mnunuzi alilikataa. Nimeshindilia kwa bisibisi kuanzia mbele mpaka nyuma. Lami ikaishia katikati. Nusu ya nyuma nimepiga rangi tu. Ndani nimefunika kwa plaiwudi mpya. Nzuri kabisa. Ningekuwa na cheti ningekuwa injinia.

Jumapili, 20 Oktoba
Baada ya ibada kwaya ya akina mama walikuja kumwona mgonjwa. Nikawatembeza kwenye Hoteli, sita sita. Nikawaonyesha choo, wakapiga vigelegele. Nikawaambia Cape Town watu wanaishi hivi, hawajengi. Cape Town sijafika, ila niliwahi kumbeba mtu wa huko.

Nilisikia raha kweli. Niandike ukweli, raha ya kuangaliwa ilizidi.

Mama Kulwa alilala wakati wa maombi.

Jumatatu, 28 Oktoba
Afisa kapiga. Ana kikao, atakuja wiki ijayo. "Haina neno, mheshimiwa." Nikajichukia kwa ile mheshimiwa.

Mvua siku tatu. Paa halidondoshi hata tone. Nimesimama ndani nimeinua mikono kama aliyefunga goli.

Mama Kulwa mgongo unamuuma. Anasema ni godoro.

Jumamosi, 2 Novemba
Kuna harufu ndani ya Hoteli. Kama gunia lililosahaulika. Plaiwudi juu ya kitanda imevimba. Nimeipiga ngumi ikarudi. Nimefungua madirisha yote.

Mguu wa kushoto wa Mama Kulwa umevimba pia. Huo siwezi kuupiga ngumi.

Jumatano, 6 Novemba
Afisa kaja. Shati jeupe, viatu vya kuchonga. Nikamfungulia mlango kwa mikono miwili kama wahudumu wa ndege.

Juu ya kitanda plaiwudi imepasuka. Kwenye ufa imeota miche ya pamba. Si mmoja. Mstari mzima, majani mawili mawili, yamepindia dirishani kutafuta mwanga. Mapazia ya Mama Kulwa yana ukungu mweusi.

Afisa akagusa jani moja kwa kidole. "Mzee Masanja, unauza gari au shamba?"

Nikacheka naye. Ndivyo nilivyo. Nikasema na ruzuku ya mbolea imo humo humo. Akapiga picha, akaaga vizuri, akaondoka.

Nimebandua plaiwudi peke yangu. Pamba yote ni uji. Fundi wa mtumbwi hutumia pamba iliyotolewa mbegu. Hata mtoto wa chekechea wa huku anajua pamba tunayovuna ina mbegu ndani. Mimi nimeilima miaka thelathini. Niliona uvivu kuichambua, nikajiita injinia.

Jumatatu, 11 Novemba
Mama Kulwa hatembei. Nimembeba mpaka chooni. Mwepesi. Nilipomwoa nilijaribu kumbeba, tukaanguka wote mbele ya mashemeji.

Nimempigia Mama Sabina. Sikupiga utani wowote. Akasema anakuja Alhamisi.

Alhamisi, 14 Novemba
Amekuja na lori na minyororo. Akaangalia ukuta uliobanduliwa, akashusha bei hadi nusu ya ile ya kwanza. Sikubishana. Angesema robo ningekubali.

Kisha akaomba kumsalimia mgonjwa. Akapiga magoti kando ya kitanda, akamshika mikono. "Pole, mayu, mama yangu. Mzee angenipa mwezi uliopita ningelipa vizuri, mngekuwa mmeshafika Mwanza." Hakusema kwa ubaya. Hakujua.

Mama Kulwa akaniangalia. Nilitafuta la kuchekesha. Nikatoka kusaidia kufunga minyororo.

Lori likavuta Hoteli mpaka barabarani. Watoto wakakimbia nyuma yake wakishangilia. Pale ilipokuwa imesimama pamebaki mraba wa udongo mkavu.

Jumanne, 19 Novemba
Mwanza. Daktari ni yule yule. Akasoma vipimo vipya, akavua miwani. Ugonjwa umefika kwenye ini na kwenye figo. Mionzi haitasaidia tena. Akaniuliza, siyo kwa ukali, "Mlikuwa wapi?"

Nimeendesha gari nchi tano, nimejibu polisi wa mipaka yote. Hapa nikauliza tu dawa ya maumivu inatolewa dirisha gani.

Wametupa dawa ya maji ya kutuliza maumivu na maelezo ya kuipima. Na barua ya kurudi nyumbani.

Alhamisi, 21 Novemba
Nimemwambia Mama Kulwa. Kwamba Mama Sabina alikuja tarehe tisa ya Oktoba na lori lilikuwa tayari. Kwamba hakuna aliyepotea njia. Kwamba nilitaka watu waseme Masanja kauza kwa afisa.

Akasema, "Nilimsikia. Dirisha lilikuwa wazi."

Nikamuuliza, "Kwa nini hukusema?"

"Ulikuwa umefurahi hivyo. Nikadhani unajua unachofanya, baba Kulwa."

Nilitoka nje nikalia nyuma ya stoo, kwa sauti, kama ng'ombe.

Jumapili, 1 Desemba
Sikwenda ibadani. Ndani hataki, anasema giza linambana, bati linampika. Nimemtandikia mkeka nje, upande wa kivuli cha nyumba. Nimempa dawa saa mbili. Uji vijiko vitatu.

Majirani wote wanapanda leo, wanavuka na majembe, wanasalimia chini chini. Alitaka kujua nani kapanda nini. Nikamwambia. Mengine nilikisia, akajua nakisia, akatabasamu kidogo.

Kivuli kinarudi nyuma asubuhi nzima. Nimeuvuta mkeka mara nne. Saa sita kimeishia ukutani, pa kuuvutia hapakuwapo. Nikakaa upande wa jua, nikanyoosha mgongo. Kivuli changu kikamfika usoni. Amelala.