Viatu vya Golikipa

Doha, 9 Februari 2013

Mjomba wangu Salim,

Shikamoo. Kabla hatujaulizana afya, fahamu kwamba unaandikiwa na mtu ambaye taifa zima la Qatar haliwezi kusimama bila yeye. Sicheki. Timu yao ya vijana ya mpira wa magongo inacheza juu ya barafu, Mjomba, barafu ya kweli, uwanja mzima ndani ya duka kubwa, na huku nje jua linakaanga paka. Wanavaa viatu vyenye vyuma chini. Vyuma hivyo nanoa mimi.

Sawa, na Kaka Rashidi. Mwanao ndiye mkuu wa chumba cha kunolea, mimi msaidizi. Ananifundisha, ingawa kwa kipaji nilicho nacho anajichosha bure.

Historia ya timu naijua kuliko wenyewe, maana nilifika wiki ileile waliyoanza. Walikuwa vijana kumi na mmoja, na siku ya kwanza wote walikuwa wameng'ang'ania ukuta kama mijusi. Mechi ya kwanza walifungwa kumi na tisa bila. Ya pili, kumi na nne bila. Nikawaambia, "Hongereni, mmepunguza." Nahodha akanirushia glavu. Mwaka jana wakapata bao lao la kwanza: kile kisahani cha raba wanachogombania kilimpiga mtu mgongoni kikaingia chenyewe. Walilia, na Kaka Rashidi akalia nao. Mimi nilikuwa na mafua.

Mkaza mjomba kifua kimetulia? Simu ningepiga, ila masikio yako uliyaacha kwenye mashine za mkonge, kwa hiyo vumilia mwandiko.

Mpwa wako,
Haji

Tanga, 30 Machi 2013

Mpwa wangu Haji,

Marahaba. Sisi wazima, kifua cha mkaza mjomba wako kinakuja na kuondoka kama mgeni asiyeaga. Barua imefika, nimecheka mpaka jirani kaja kuuliza kulikoni.

Habari kubwa ni kwamba posa ya Rashidi kwa Nasra imekubaliwa. Akija likizo mwezi wa kumi na mbili tunafunga ndoa. Wewe msikilize kaka yako. Darasa la saba ulilimaliza kwa kuchungulia dirishani, lakini kazi haitazamwi dirishani.

Niambie hao vijana wakishinda.

Mjomba wako,
Salim

Tanga, 2 Desemba 2013

Haji,

Natumai u mzima. Huku tu wazima wa mwili.

Rashidi amefika, wala si kwa likizo. Wamemwachisha kazi. Nikimwuliza ananiandikia kwenye karatasi sentensi moja tu: "Viatu vya golikipa vilinolewa vibaya, na mkuu wa chumba ni mimi." Halafu anatoka.

Baba yake Nasra kasikia. Anasema mtu hafukuzwi Uarabuni bure, huyu ama mvivu ama mlevi. Barua ya posa ameirudisha.

Wewe ulikuwa chumbani. Niandikie ilivyokuwa.

Mjomba wako,
Salim

Doha, 11 Januari 2014

Mjomba,

Shikamoo, poleni na yote. Mimi sijambo, nimenenepa, mashati yanalalamika.

Kilichotokea ni hiki. Mwezi wa Novemba walikuja wageni wa nchi jirani. Mjomba, tulikuwa tatu kwa tatu, zimebaki dakika mbili! Hawajawahi kushinda hawa tangu wazaliwe, kina mama wamesimama kwenye viti. Mara golikipa wetu, Jasim, mtoto wa miaka kumi na saba, akakimbilia upande wa pili wa goli, mguu ukakwama, goti likageuka. Bao. Wakambeba kwenye machela. Barafu ina mambo yake, ndiyo bahati.

Upande wa heri, nimepandishwa cheo. Mkuu wa chumba sasa ni mimi. Nimewatumia manukato kwa mkono wa Mwanahawa, yule dada wa Tanga anayefanya kazi huku. Na Kaka Rashidi asijali, Tanga ina wasichana.

Mpwa wako,
Haji

Tanga, 20 Machi 2014

Haji,

Barua yako nimeisoma mara tatu nikitafuta jibu. Nimekuta cheo.

Mtu mwingine amepeleka posa kwa kina Nasra. Baba yake ameniambia kwa heshima: mwezi wa Rajabu ukiandama bila neno la kueleweka kuhusu Rashidi, atampa huyo. Rashidi hataki nikuandikie. Anasema nikuache ufanye kazi. Kwa nini anakulinda? Mimi kiziwi, Haji, si kipofu.

Manukato yapo, hatujayafungua.

Salim

Doha, 2 Aprili 2014

Mjomba wangu,

Shikamoo. Sijui kama utaitikia.

Barua hii anaileta Mwanahawa, anaruka Jumamosi. Msomee baba yake Nasra yote, usiruke neno. Onyango, Mkenya anayeendesha mashine ya kulainisha barafu, ameniuliza kila siku tangu Novemba, "Msee, utamwambia mzee lini?" Namjibu kesho. Jana nimemwambia kocha. Cheo kimekwisha, na huenda na mimi nikarudi.

Wachezaji huchimbiwa mfereji wa kina chini ya chuma, ili king'ate barafu. Golikipa hafanyiwi hivyo. Chake huwa karibu bapa, maana yeye huteleza kwa ubavu toka mlingoti mpaka mlingoti. Kwa hiyo jiwe la kunolea lazima ulibadilishe. Siku ile nilijigamba kuwa namaliza jozi ishirini kabla ya adhana ya Alasiri. Nikamaliza, bila kubadilisha jiwe. Kaka Rashidi aliniuliza, "Ya golikipa umebadilishia jiwe?" Nikamwambia, "Kaka, unamwuliza nani?" Akacheka, akatia sahihi kwenye daftari la viatu.

Jasim daktari amemwambia harudi tena barafuni.

Baada ya mechi kocha aliingia chumbani ameshika kile kiatu, akauliza nani kakinoa. Kaka Rashidi alinigeukia. Alinitazama, akangoja. Alingoja kweli, Mjomba, sikio langu lilikuwa linasikia saa ya ukutani. Nikachukua kitambaa nikaanza kufuta mashine iliyokuwa safi. Ndipo akasema ni yeye.

Haji, mpwa wako ukinikubali