Jiwe la Chuma la Sebuleni kwa Baba

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Mama Cherehani, ndivyo ninavyoitwa na wote
Umri: miaka 57
Kazi: fundi wa kushona
Makazi: nyumba za wachimba madini, safu ya pili, mlango wa saba

Mlalamikaji ni mdogo wangu, tumbo moja. Mtuhumiwa tunamwita Baba Taa. Alifanya kazi na marehemu baba yetu chini ya ardhi miaka ishirini na miwili, nami humwita baba mdogo.

Mnamo tarehe 14 mwezi huu, saa nne asubuhi, tulikuwa sebuleni tukigawana vitu vya marehemu. Baba Taa aliingia na mkongojo na kikapu. Akasema, "Nimefuata jiwe langu." Mdogo wangu akamjibu, "Mzee, leo tuna shughuli, njoo siku nyingine." Saa saba mchana jiwe la chuma lililokaa kabatini miaka yote halikuwepo, wala Baba Taa hakuwepo.

Leo nimeonyeshwa jiwe hapa kituoni. Ni lenyewe. Ni jeusi, linang'aa kama chuma kilichosuguliwa, lina mafundo kama figo za ng'ombe. Afande alisema mawe meusi ni mengi. Nikaomba kigae, nikalisugua jiwe kwenye mgongo wa kigae, upande usiong'aa. Likaacha mstari mwekundu kama damu, na si kila jiwe jeusi hufanya hivyo. Tena lina fundo moja lililomeguka. Nililiangusha mimi, nikiwa darasa la tano. Baba hakunichapa. Alikaa chini nami akanionyesha matabaka ndani yake. Alisema maji yalipenya mwambani yakiwa yamebeba chuma, yakafika penye uwazi, yakaacha utando mwembamba, kisha mwingine juu yake, miaka na miaka, mpaka likafura hivyo. Mama alikuwa akilipangusa kuliko alivyotupangusa sisi makamasi.

Afande ameniuliza kama jiwe lilikuwa mali ya baba. Mdogo wangu yuko nje kwenye benchi, najua anachotarajia. Siwezi.

Nilikuwa na miaka tisa, yeye hajazaliwa. Jioni moja baba na Baba Taa waliingia na jiwe limeviringishwa kwenye koti la kazi la Baba Taa. Ndiye aliyepenyeza mkono mwambani akalitoa. Alikuwa akilala bwenini, watu wanane chumba kimoja. Akasema, "Kaka, niwekee, kule litaibwa." Baba akasema, "Ukipata nyumba, njoo ulichukue."

Nyumba alipata. Lakini kila Jumapili alikuja, akanywa chai na baba, akalitazama, akaondoka mikono mitupu. Siku moja nilimuuliza kwa nini halichukui. Akacheka. "Nikilichukua, mwanangu, nitakuja kufanya nini hapa?"

Baba Taa hakuiba. Nilipaswa kusema siku ile ile. Nilinyamaza kwa kuwa nami nililitaka.

Haya niliyaona na kuyasikia mwenyewe, na nimeyasema bila kushurutishwa.

Sahihi ya shahidi: (imewekwa)

Nimeyaandika mimi, koplo wa zamu, nikamsomea shahidi, akakiri ni sahihi. Saa tisa na robo alasiri mlalamikaji naye amesomewa. Ameondoa malalamiko. Jiwe, uzito kilo nne, limerudishwa kwa mzee. Mlalamikaji ameomba ambebee jiwe hadi nyumbani kwake. Mzee amekubali, na amemuuliza kama anakunywa chai.